Kurusha watu angani: tunaogopa saa isiyo yenyewe, au bado hatujaogopa vya kutosha?

#1 Nyota_Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikaa na binti yangu wa miaka tisa tukatazama kapsuli ikirushwa na watu wanne ndani. Mambo haya anayapenda kuliko katuni. Zilipobaki sekunde kumi akanishika mkono na kuuliza, "Mama, hao wanajua inaweza kulipuka?" Nikamwambia wanajua. Akanyamaza, roketi ikapaa mpaka ikawa nukta ya moto, kisha akauliza tena: "Nani aliwaambia?"

Hilo la pili lilinishinda. Nimelala nalo na nimeamka nalo.

Hoja yangu ni hii. Tangu urushaji uwe jambo la mara kwa mara, sisi watazamaji tumeanza kuuona kama ndege inayoondoka uwanjani. Chini ya wale watu kuna mamia ya tani za mafuta na oksijeni ya kimiminika, na waliokwisha kufa ndani ya vyombo vya anga wakiwa safarini ni 18. Naona tumezoea mapema mno. Je, kupaa ndiyo sehemu ya hatari zaidi? Na wanaokaa pale juu huambiwa kila kitu, au huambiwa kile tu ambacho wakubwa wamekubaliana?

Wenye ujuzi nisaidieni. Karibuni.

#2 Mwewe77

Dada, swali zuri, ila hofu yako umeiweka pale wengi wanapoiweka. Watu hubana pumzi wakati wa kupaa, injini zikizima wanapiga makofi na kwenda kulala. Angalia vifo vyenyewe.

Komarov, Soyuz 1 (kapsuli ya Kisovieti), Aprili 1967: parashuti kuu haikufunguka, chombo kikapiga ardhi. Soyuz 11, Juni 1971: Dobrovolsky, Volkov na Patsayev walikuwa wanarudi, vali ikafunguka kabla ya wakati wake na hewa yote ikatoka. Hawakuwa na suti za shinikizo, kwa sababu watu watatu wenye suti wasingeenea mle ndani. Columbia, chombo cha Marekani cha aina ya Space Shuttle, 1 Februari 2003: saba, nao wakirudi. Katika ajali nne zilizoua hao 18, moja tu, ile ya Challenger (Space Shuttle nyingine), ilitokea wakati wa kupaa.

Kurudi ndiko kunakoua. Mtoto wako amshike mama mkono siku wanayotua.

#3 FundiMitambo

Mkuu Mwewe77, kwenye Columbia sikubaliani nawe. Ilivunjika ikirudi, lakini jeraha ililipata ikipaa. Tarehe 16 Januari 2003, kama sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha povu linalohami tangi la nje kilibanduka na kugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Kipande chenyewe hakikufika hata kilo moja. Siku 16 walizunguka Dunia wakiwa na tundu kwenye bawa, na joto la kurudi likaingilia hapo. Ukiandika sababu ya kifo kwa haki, andika kupaa.

Halafu ukihesabu vifo peke yake unawaacha walioponea tundu la sindano. Mwaka 1975, Lazarev na Makarov: hatua za roketi hazikuachana vizuri, wakashuka wakibanwa na zaidi ya mara 20 ya uzito wao na kutua kwenye theluji katika milima ya Altai. Mwaka 1983, Titov na Strekalov: roketi ilishika moto ikiwa bado jukwaani kwenye kituo cha kurushia cha Baikonur. Mwaka 2018, Ovchinin na Hague. Zote tatu ni za kupaa, hakuna aliyekufa, na kwenye orodha yako hawamo.

#4 Kijana_wa_Obiti

Asanteni wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Hiyo ya 1983 walitokaje wakati roketi inaungua chini yao?

#5 FundiMitambo

Juu ya kapsuli ya Soyuz husimamishwa mnara mwembamba wenye roketi za mafuta makavu. Kazi yake ni moja: kuing'oa kapsuli na kuitupa mbali. Usiku ule wa 26 Septemba vali ya mafuta ilikwama, moto ukaanzia chini na kuunguza nyaya ambazo zingepeleka amri. Wale wawili ndani hawakuwa na kitufe cha kujiokoa wenyewe. Amri ilibidi itumwe kwa redio na watu wawili waliokaa vyumba tofauti, kila mmoja abonyeze chake. Sekunde zinakwenda na moto unapanda. Mnara ukawaka na kuwavuta kwa nguvu ya mara 14 hadi 17 ya uzito wao, na nyuma yao roketi ikaporomoka ikilipuka. Walitua kama kilomita nne kutoka pale, wamepata michubuko, wazima.

Ya 2018 ilikuwa tofauti. Ule mnara ulikuwa umeshaachwa kama kawaida, zikatumika roketi nyingine zilizo kwenye kifuniko cha kapsuli. Chanzo kilikuwa kihisio kilichopindishwa wakati wa kuunganisha roketi. Moja ya busta nne za pembeni, yaani roketi za kusaidia kusukuma, haikujitenga ipasavyo, ikagonga kiini cha roketi. Kihisio cha kushikwa kwa vidole viwili!

#6 Bi_Hesabu

Naomba nilete namba, maana tunazunguka.

Space Shuttle iliruka mara 135 na kupotea mara 2. Hiyo ni 1 kati ya 67 na nusu. Baada ya Challenger, mwanafizikia Richard Feynman aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi aliwauliza watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wanakadiriaje hatari ya kupoteza chombo. Mainjinia walimpa kama 1 kati ya 100. Wakuu wa juu walimpa 1 kati ya 100,000. Hebu itafsiri hiyo ya pili: rusha Shuttle kila siku, na utarajie kupoteza moja baada ya miaka 274.

Ni jengo moja, chombo kimoja, na tofauti ya mara elfu kati ya ghorofa ya chini na ghorofa ya juu. Mimi nikitafuta chanzo cha ajali naanzia hapo, kabla ya vali na povu.

Kwa kapsuli mpya za kampuni binafsi, NASA waliweka sharti la 1 kati ya 270.

#7 Mwewe77

Dada Bi_Hesabu, ukishaingia na kikokotoo chako sisi wengine tunakaa wima. Lakini niulize: hiyo 1 kati ya 270 imepimwaje, wakati hakuna kapsuli mpya iliyoruka na watu mara 270?

#8 Bi_Hesabu

Haijapimwa, ndugu yangu, imekokotolewa. Wanachukua kila sehemu, wanakadiria itaharibika mara ngapi, wanaunganisha. Kazi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu inakuonyesha sehemu iliyo dhaifu kuliko nyingine. Ila haiwezi kuhesabu kitu ambacho hakuna aliyekifikiria. Kihisio kilichopindwa na mkono wa fundi hakikai vizuri kwenye jedwali.

Na hata ile 2 kati ya 135 si namba ya kuegemea. Matukio mawili ni machache mno. Soyuz haijaua mtu tangu 1971, ikiwa imeruka na watu zaidi ya mara 100 baada ya hapo, lakini imekaribia kuua kwenye kupaa mara tatu zile alizotaja Fundi. Utaiita salama au yenye bahati? Namba haziniambii.

#9 Mwalimu_Mstaafu

Nimesoma kuanzia juu. Hongera kwa mazungumzo ya heshima.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mpya. Tulijua kwamba mwalimu mwenzetu, Christa McAuliffe, alichaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 11,000 ili afundishe masomo akiwa angani. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba tutafuata masomo yake kwenye habari. Tarehe 28 Januari ikawa sekunde 73. Kesho yake niliingia darasani na sikujua nianzie wapi. Mvulana mmoja aliuliza swali linalofanana sana na la binti yako, Nyota: "Mwalimu, yeye alijua?"

Miaka ilipita kabla sijalijibu. Jioni ya kuamkia siku ile mainjinia wa kampuni iliyotengeneza busta, Morton Thiokol, walikaa kwenye mkutano wa simu na NASA. Walisema baridi inafanya pete za mpira kwenye maungio ya busta zichelewe kujaza nafasi, na wakapendekeza wasirushe chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Roger Boisjoly alibishana mpaka mwisho. Wakubwa wa kampuni wakajadiliana pembeni, wakarudi na kubadili msimamo. Allan McDonald, mwakilishi wao kule kwenye kituo cha kurushia, alikataa kutia saini, ikabidi saini itoke kwa mkubwa wake. Asubuhi hewa ilikuwa kama nyuzi 2, na barafu ilining'inia kwenye jukwaa.

Wale saba hawakuambiwa habari za mkutano ule. Hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mvulana ni hapana, hakujua. Alijua hatari kwa jumla, kama anavyoijua kila anayepanda. Hatari ya asubuhi ile hakuijua.

#10 Kijana_wa_Obiti

Mwalimu, umenitoa machozi. Lakini mbona hawakuzima injini mambo yalipoharibika? Au kujitoa kama wale wa 1983?

#11 FundiMitambo

Busta za mafuta makavu haziwezi kuzimwa, mdogo wangu. Ukishaziwasha zinaungua mpaka ziishe. Baada ya Challenger kuvunjika, busta zake mbili ziliendelea kuruka peke yake mpaka afisa wa usalama akazilipua kwa amri ya redio.

Kujitoa, Shuttle haikuwa na mnara wa kuokolea. Safari nne za mwanzo ziliruka na viti viwili vya kurusha marubani nje. Baadaye viliondolewa, maana ukiwa na watu saba kwenye sitaha mbili huwezi kuwarusha wote. Chumba cha wanaanga hakikulipuka pale. Kilitengana kikiwa karibu kizima na kuanguka baharini kwa dakika mbili hadi tatu hivi. Mitungi mitatu ya hewa ya dharura ilikutwa imefunguliwa. Naandika hili kwa uzito, kwa sababu kila anayesema "walikufa papo hapo" anaondoa hoja ya mfumo wa kuokolea mezani.

Kwa maoni yangu tatizo ni la kiufundi kuliko tunavyopenda kusema. Chombo kilikaa ubavuni mwa tangi badala ya juu yake, hakikuwa na njia ya kutoka, na povu lilidondokea bawa lake. Kapsuli ikikaa juu kabisa na mnara wake, makosa yaleyale ya binadamu yanaweza kuisha kwa michubuko.

#12 Chomelea

Mimi ni fundi wa kuchomelea, ya roketi siyajui sana. Ila oksijeni naijua.

Kwenye karakana moja niliyofanyia kazi, mwenzangu alijipuliza vumbi kwenye ovaroli kwa mpira wa oksijeni. Walikuwa wanafanya hivyo siku zote na hakuna aliyekatazwa. Baadaye kidogo cheche moja ikamdondokea. Nguo haikushika moto kama nguo, iliwaka yote mara moja. Tulimzima, akaishi, mikono yake haikurudi kuwa ile. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "ni hewa tu" nasimama.

Ndiyo maana niliposoma habari za Apollo 1, kapsuli ya Marekani ya mpango wa kwenda Mwezini, nilikaa kimya muda mrefu. Tarehe 27 Januari 1967, Grissom, White na Chaffee walifungiwa kwenye kapsuli iliyojazwa oksijeni tupu, shinikizo lake likiwa juu kidogo ya hewa ya nje, nailoni kila upande. Mlango ulifunguka kuelekea ndani. Moto ukipandisha shinikizo ndani, hakuna mikono inayoweza kuvuta mlango ule.

Na hawakuwa wanarushwa. Lilikuwa jaribio tu, na halikuwekwa kwenye kundi la majaribio ya hatari kwa sababu roketi haikuwa na mafuta. Wote waliangalia mafuta. Mleta uzi, hao watatu kwenye 18 zako hawamo.

#13 Nyota_Alfajiri (mleta uzi)

Asante sana fundi, pole kwa mwenzako. Kweli hawamo. Nilihesabu waliokuwa wameshaondoka ardhini tu, sikuwaza jukwaani.

#14 Nuru_ya_Pili

Tena kuna Valentin Bondarenko, mwanaanga mtarajiwa wa Kisovieti, aliyeungua kwenye chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi Machi 1961, wiki chache kabla ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, kuruka. Walificha mpaka 1986. Wangesema mapema, huenda wale watatu wa Apollo wangepona.

Na Komarov je? Nilisoma kwamba alijua chombo ni kibovu, akakubali kwenda ili Gagarin asipelekwe badala yake, na akashuka akiwalaani waliomtuma.

#15 Bi_Hesabu

Nuru, la Bondarenko ni kweli, ingawa sina hakika lingebadilisha kitu. Wamarekani walikuwa na mioto yao wenyewe ya oksijeni kwenye vyumba vya majaribio kabla ya 1967 na bado waliendelea. Habari walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamini.

La Komarov twende taratibu. Kwamba Soyuz 1 ilirushwa ikiwa na kasoro nyingi, na vyombo vya majaribio visivyo na watu vilikuwa vimeshindwa kabla yake, hilo halina ubishi. Lakini maneno ya kulaani wanahistoria wanayapinga, na kumbukumbu za mazungumzo ya redio haziyaungi mkono. Tusimwekee marehemu maneno mdomoni. Kifo chake kinatosha bila chumvi.

#16 Rubani_wa_Zamani

Nimerusha ndege ndogo miaka mingi. Nawaambia kinachotisha si kasoro usiyoijua. Ni ile unayoijua na umeshairukia mara kumi.

Nilikuwa na ndege yenye taa ya tahadhari iliyokuwa ikiwaka na kuzima yenyewe. Mara ya kwanza niliahirisha safari. Mara ya pili mwajiri wangu wa wakati ule alinikumbusha kwamba mara ya kwanza haikuwa kitu. Mara ya sita nilikuwa siitazami tena. Mara ya saba injini ilikohoa nikiwa nimetoka tu ardhini. Nilirudi salama, lakini nilipozima injini sikuweza kusimama kwa dakika kadhaa.

Mwanasosholojia Diane Vaughan aliichunguza Challenger na kukuta jambo hilihili kwa ukubwa wa taifa zima. Pete zilionyesha kuungua kwenye safari za nyuma. Kila waliporudi salama, kuungua kukageuka kuwa kitu cha kawaida. Povu la Columbia vilevile: lilibanduka safari nyingi kabla, wakaliweka kwenye fungu la matengenezo. Mkuu FundiMitambo, chombo kilikuwa na udhaifu, sawa, lakini kilikuwa kinapiga kelele miaka yote.

Kuna na upande wa pili wa kutulia. Desemba 1965, Gemini 6A, kapsuli ya Marekani ya watu wawili: injini ziliwaka zikazima sekunde moja na kitu baadaye. Saa ya safari ilikuwa imeanza kuhesabu, na kanuni ilimtaka Wally Schirra avute pete ya viti vya kujirusha. Hakuvuta, kwa sababu mwili wake ulimwambia hawajaondoka. Pembeni yake alikaa Thomas Stafford. Siku tatu baadaye waliruka kwa roketi ileile.

Stafford huyohuyo, akiwa mzee na mwenyekiti wa kamati ya ushauri, mwaka 2015 aliwaandikia NASA kupinga mpango wa kujaza mafuta kwenye Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, watu wakiwa tayari wamekaa juu. Mtu aliyewahi kukaa juu ya roketi iliyokataa kuondoka alikuwa na haki ya kusema.

#17 Mwewe77

Mkuu Rubani, nakuvulia kofia. Nakiri pia Fundi alinikamata kwenye Columbia, nilirahisisha.

Ila kwa hili la mafuta nisikilizeni. Ndiyo, 1 Septemba 2016 Falcon 9 ililipuka jukwaani ikijazwa, mtungi wa heliamu ndani ya tangi la oksijeni ndio uliosababisha. Juu kulikuwa na setilaiti, si watu. Tangu hapo hofu ikakolea. Lakini fikirini njia ya zamani: unajaza roketi kwanza, kisha unawapeleka wanaanga na mafundi wa kuwafunga mikanda juu ya bomu lililojaa, na hakuna hata mmoja anayeweza kuokolewa na mfumo mpaka mlango ufungwe. Njia mpya mafundi wote wanaondoka, mfumo wa kuokolea unawashwa, ndipo mafuta yanaingia. NASA waliikubali 2018 baada ya kuipitia.

#18 Rubani_wa_Zamani

Hoja yako ina uzito. Ila dakika ambazo roketi inajazwa ndizo dakika ambazo tangi linabadilika baridi na shinikizo, na 2016 ililipuka dakika hizohizo. Jukwaa lililokwisha kujazwa na kutulia ni tulivu kuliko linalojazwa. Nabaki upande wa Stafford.

#19 Mwewe77

Nami nabaki upande wa kiti chenye roketi ya kukimbilia. Tutakutana hapa hapa.

#20 Wakili_Mdadisi

Nimrudie mleta uzi, maana aliuliza nani huwaambia. Kwa abiria wanaolipa nchini Marekani kuna jibu la kisheria. Tangu 2004 kampuni inatakiwa imweleze abiria kwa maandishi hatari zilizopo, na imwambie wazi kwamba serikali haijathibitisha kuwa chombo ni salama. Abiria anatia saini. Upande wa pili wa sheria hiyohiyo, mamlaka ya anga, FAA, imezuiwa kutunga kanuni za kumlinda abiria mwenyewe, isipokuwa pale ajali au hatari kubwa ilipokwisha kujitokeza. Zuio limesogezwa mbele mara kadhaa, sasa liko mpaka Januari 2028. Inachokilinda FAA ni watu walio chini na mali zao.

Wanaotetea wanasema teknolojia bado changa, ukiibana mapema utaiua. Mimi naona saini ya mtu asiyeweza kusoma mchoro wa vali si ridhaa kamili. Tarehe 31 Oktoba 2014 SpaceShipTwo, chombo cha kampuni binafsi cha kubeba abiria, ilivunjika hewani na kumuua rubani msaidizi, Michael Alsbury, alipofungua kufuli la mkia mapema. Wachunguzi hawakuishia kwake. Walisema waliobuni hawakuzingatia kwamba kosa moja la mtu mmoja linaweza kuangusha chombo kizima. Hao walikuwa marubani wa majaribio. Abiria atajua nini?

#21 Kijana_wa_Obiti

Kuna habari njema moja jamani. Starliner, kapsuli ya Boeing, 2024! Butch Wilmore na Suni Williams walipanda Juni kwa safari ya kama siku nane, virusha-gesi vya kuongozea chombo vikaanza kushindwa, heliamu inavuja. NASA wakasema chombo kirudi kitupu. Kikarudi Septemba, kikatua salama, na wao wakarudi Machi 2025 kwa Dragon, kapsuli ya SpaceX, baada ya siku 286. Watu walicheka eti "wamekwama". Mimi naona mtu alisema hapana na akasikilizwa.

#22 FundiMitambo

Naunga mkono, ila uiseme yote: uvujaji mmoja wa heliamu ulijulikana kabla ya kurusha. Waliupima, wakaona ni mdogo, wakarusha. Wilmore na Williams waliujua. Kwa hiyo waliambiwa. Kama ilikuwa sawa kuruka nao, hapo Rubani atakuwa na neno.

#23 Nuru_ya_Pili

Na walio chini je? Februari 1996 roketi ya China isiyo na watu ilipinda mara tu baada ya kuruka kutoka Xichang ikaangukia makazi, idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Januari 2025 vipande vya Starship, roketi kubwa ya SpaceX, viliangukia visiwa vya Turks na Caicos na ndege zikapewa njia nyingine. Hawa hawakutia saini yoyote.

#24 Wakili_Mdadisi

Kweli tupu, na hilo linastahili uzi wake. Fungua, nitakuja.

#25 Bi_Hesabu

Nijisahihishe kwenye #6. Ile 1 kati ya 270 ni ya safari nzima ya siku 210 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kupaa peke yake sharti ni 1 kati ya 500, na kurudi 1 kati ya 500. Kwa hiyo mahesabu yenyewe yanawapa Mwewe77 na Fundi sare. Na sehemu kubwa ya wasiwasi wa siku za katikati ni takataka za angani. Novemba 2025 Wachina watatu walilazimika kurudi kwa chombo cha wenzao kwa sababu dirisha la Shenzhou-20 lilikuwa na nyufa.

Binti yako akisinzia baada ya kupaa, Nyota, hajaona hata nusu.

#26 Mwalimu_Mstaafu

Nyota, kuna jambo nililiacha. Wale wa Challenger hawakuambiwa. Wale wa Columbia waliambiwa. Wakiwa angani walitumiwa barua pepe kuelezwa kwamba povu liligonga bawa, kwamba limeonekana kwenye safari nyingine, na kwamba hakuna wasiwasi wowote kwa kurudi. Kamanda Rick Husband alijibu kwa kushukuru.

#27 Nyota_Alfajiri (mleta uzi)

Asanteni wote. Nimemsomea mwanangu ya Mwalimu, neno kwa neno, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza.

Amefikiri, kisha akaniuliza kama aliyeandika ile barua alikuwa ameliangalia bawa. Nikarudi kutafuta. Mainjinia waliomba picha za bawa zipigwe kwa kamera za kijeshi, maombi matatu, na hakuna lililofika mwisho. Nimemwambia hivyo: hapana, hakuna aliyeliangalia.